Kuteleza si kuanguka, ila msuguano ukikukimbia

Msomaji mpenzi, ukisikia neno msuguano huenda fikira zako zikaenda moja kwa moja kwa mume na mke wasiosemezana, kwa mama mkwe na mkaza mwana, au kwa wapangaji wawili wanaogombania kamba ya kuanikia nguo. Hao tuwaache leo watatue yao. Msuguano ninaokuletea Jumapili hii ni ule wa kitu na kitu: kiatu na sakafu, tairi na lami, njiti na ubavu wa kiberiti.

Wanafunzi wanaufahamu kutoka darasa la sayansi. Wengi huukariri kwa ajili ya mtihani, kisha wakausahau pindi kengele ya mwisho inapolia. Ni jambo la kusikitisha, kwa maana hakuna somo lingine linalotufuata kutoka kitandani hadi jikoni, kutoka jikoni hadi kwenye matatu, na wakati mwingine hadi hospitalini.

Hebu fikiria ungeamka kesho na kukuta msuguano umetoweka duniani. Ungetia mguu sakafuni na mguu ungekwenda zake. Kikombe cha chai kingekuchopoka kama kambare. Kalamu isingeandika, na chaki ya mwalimu ingepita ubaoni bila kuacha alama. Misumari ingeteleza na kutoka kwenye mbao, na paa lingefuata. Hata nguo ulizovaa zingekuaibisha, kwa sababu nyuzi za kitambaa hushikana kwa kusuguana tu. Hakuna gundi pale. Mama anayejifunga leso kiunoni anajua kwamba leso mpya yenye wanga hufunguka kila mara, ilhali ile iliyofuliwa mara nyingi hushika vyema. Wanga huulainisha uso wa kitambaa, na palipo laini msuguano hupungua.

Huyo ndiye mtumishi wetu asiyelipwa mshahara. Ila, kama watumishi wote, ana tabia zake, na asiyezijua huishia kulaumu majaliwa.

Msuguano ni nini hasa?

Sugua viganja vyako sasa hivi, kwa nguvu, huku ukihesabu hadi kumi. Umehisi joto? Hilo ndilo jibu la kwanza. Msuguano ni nguvu inayopinga mwendo kati ya vitu viwili vinavyogusana, na nguvu uliyotumia kuushinda haipotei bali hugeuka kuwa joto. Ndiyo maana asubuhi za Julai jijini Nairobi utawaona watu kwenye vituo vya matatu wakisugua mikono bila kufundishwa na yeyote.

Ukitazama kitu chochote kwa hadubini, hata kioo unachojitazamia, utaona kwamba si laini kama kinavyodanganya jicho. Kina vilima na mabonde madogo mno. Vitu viwili vinapogusana, vilima hivyo hukutana na kukwamana, na pale vinapobanana sana hunatana kidogo. Kuvitenganisha ndiko kunakohitaji nguvu.

Mwitaliano Leonardo da Vinci, yule yule mchoraji mashuhuri, alichunguza jambo hili zaidi ya miaka 500 iliyopita na kuliandika katika daftari zake. Lakini daftari hizo hazikuchapishwa wakati wake, na sifa zikamwendea Mfaransa Guillaume Amontons aliyeeleza kanuni zilezile mwaka wa 1699. Mwaka wa 1785 Mfaransa mwingine, Charles-Augustin de Coulomb, aliandika juu ya msuguano kwa upana zaidi.

Kanuni hizo si ngumu. Ya kwanza: kadiri mzigo unavyokuwa mzito, ndivyo msuguano unavyoongezeka. Sanduku lililojaa vitabu ni gumu kulisukuma kuliko lililo tupu, na hapo hakuna wa kubisha. Ya pili huwashangaza wengi: ukubwa wa sehemu inayogusana kwa kawaida haubadilishi msuguano. Ya tatu: ni vigumu zaidi kukianzisha kitu mwendo kuliko kukiendeleza. Yeyote aliyewahi kushuka kwenye matatu iliyozimika ili kuisukuma anaijua kanuni hii kwa mgongo wake. Hatua ya kwanza ndiyo inayotoa jasho.

Watoto wanaweza kuihakikisha ile kanuni ya pili nyumbani bila gharama yoyote. Chukueni sinia na kipande cha ubao kilichopigwa randa pande zote, chenye umbo la tofali. Kilazeni kwa upande wake mpana, kisha inueni ukingo wa sinia polepole hadi ubao uanze kuteleza. Pimeni kimo cha ukingo huo kwa rula. Rudieni kwa upande mwembamba. Mtaona vimo viwili havipishani sana. Kisha tandazeni kitambaa juu ya sinia mrudie, halafu pakeni sinia sabuni ya majimaji mrudie tena. Hapo ndipo vimo vitatofautiana kweli. Ina maana kwamba linaloamua ni nini kinagusana na nini, na kwa uzito gani.

Shikilia jambo hilo, msomaji, maana tutalihitaji tutakapofika barabarani.

Moto wa babu na moto wa kiberiti

Kabla ya kiberiti kufika kwetu, wazee walipata moto kwa kupekecha. Kijiti kigumu kilisimamishwa juu ya kipande cha mti mlaini zaidi, kikazungushwa baina ya viganja kwa kasi hadi unga wa mti ukaanza kufuka moshi. Kaa hilo dogo liliwekwa kwenye nyasi kavu na kupulizwa. Joto lilelile unalolihisi viganjani, likikusanywa mahali padogo kwa muda wa kutosha, huwa moto wa kupikia.

Kiberiti ni upekecho uliorahisishwa. Mwingereza John Walker, aliyekuwa na duka la dawa, alibuni njiti za kusugua mwaka wa 1826, lakini njiti za siku zile zingeweza kuwaka zikisuguliwa popote palipokwaruza. Baadaye Wasweden walizitenganisha dawa: nyingine ikawekwa kwenye kichwa cha njiti, na fosforasi nyekundu ikapakwa kwenye ubavu wa kisanduku. Msuguano wa sekunde moja tu hutoa joto la kuamsha dawa hizo mbili zikutane. Ndiyo maana njiti ya kisasa ikisuguliwa ukutani hukataa kuwaka, na kisanduku kikiloa ubavu unaweza kutupa njiti nzima nzima bila kupata mwale.

Fundi wa kunoa visu anayepita mitaani na baiskeli yake anauza huduma hiyohiyo. Jiwe linalozunguka humega chuma kidogo kidogo, na cheche unazoziona ni vumbi la chuma lililopata joto jingi likawaka hewani. Kisu kinapata makali kwa kuliwa. Vivyo hivyo na soli ya kiatu chako, na tairi ya gari. Msuguano hula kila unachogusa.

Tunapoukimbia

Kuna mahali ambapo msuguano ni hasara tupu, na hapo binadamu amepigana nao tangu kale. Katika kaburi la Djehutihotep, mtawala wa mkoa huko Misri aliyeishi karibu miaka 3,900 iliyopita, kuna mchoro wa watu wakivuta sanamu kubwa juu ya gari lisilo na magurudumu. Mbele yake mtu mmoja anamwaga maji mchangani. Kwa miaka mingi wataalamu wengine walidhani ni tambiko. Mwaka wa 2014 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Amsterdam walionyesha kwamba mchanga ukiloa kwa kiasi kinachofaa hushikamana, haujikusanyi mbele ya mzigo, na nguvu ya kuvuta hupungua kwa karibu nusu. Mmisri yule alikuwa kazini.

Huku kwetu pwani, mafundi wa majahazi walipokuwa wakikishua chombo walikitandikia magogo ili kibingirike hadi majini badala ya kuburura. Kubingirika hupunguza msuguano mno, na hiyo ndiyo siri ya gurudumu. Mwendesha mkokoteni anayetoka soko la Wakulima na magunia ya viazi asingefika popote bila beringi zilizomo kwenye gurudumu, yaani vile vigololi vya chuma vinavyobingirika ndani ya grisi. Lakini mtazame vizuri anapofika kwenye mteremko. Wengi wao hufunga vipande vya tairi kuukuu nyuma ya mkokoteni, na mwendo ukizidi huinua mikono ya mbele ili mpira huo ukwaruze lami. Mtu huyo huyo aliyeukimbia msuguano kwenye gurudumu ameubebea nafasi nyuma ya mzigo, maana anajua siku asipokuwa nao mkokoteni utampita.

Mafuta nayo hufanya kazi kama mpatanishi. Hujipenyeza kati ya chuma na chuma ili visigusane. Tone moja kwenye bawaba hunyamazisha mlango unaolia usiku. Cherehani lisilotiwa mafuta huchoka upesi, na injini iliyoishiwa oili hupata joto, vyuma vikavimba na kushikana, kisha fundi akakuambia kwa upole kwamba imenoki. Upole huo utaulipia.

Hata mwili wako una mpango huo. Kwenye magoti na mabega mna gegedu laini na ute mzito unaoteleza, na ndiyo sababu mtu mwenye afya hupanda ngazi miaka na miaka bila kusikia mfupa ukisaga mfupa. Ngozi haikujaliwa ute huo. Muhula unapoanza na mtoto akaja na malengelenge kisiginoni kwa sababu ya viatu vipya, usimkaripie kwamba anadeka. Kiatu kikubwa kupita kiasi hupanda na kushuka kisiginoni kila hatua. Kwa mzazi anayenunua kiatu cha "kukulia," huo ni msuguano wa maelfu ya mara kwa siku.

Tunapouhitaji zaidi

Sasa tuingie barabarani, mahali ambapo suala hili si la mtihani tena.

Gari lenye magurudumu manne hushikilia barabara kwa vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikitoshana takriban na kiganja cha mtu mzima. Kila kinachofanyika, kuondoka, kukata kona, kusimama, kinapitia kwenye viganja hivyo vinne. Breki haisimamishi gari. Breki husimamisha gurudumu. Kinachosimamisha gari ni msuguano wa tairi na lami.

Kwenye lami kavu, tairi nzuri inaweza kupata msuguano wa takriban sehemu 7 kwa 10 za uzito inaoubeba. Kwa kipimo hicho, gari linalokwenda kilomita 40 kwa saa linahitaji mita 9 hivi kusimama tangu breki ishike. Je, likienda kilomita 80? Wengi watajibu mita 18. La hasha. Mwendo ukizidishwa mara mbili, umbali wa kusimama huzidishwa mara nne: mita 36. Mvua ikinyesha na msuguano ukashuka hadi sehemu 4 kwa 10, umbali huo huwa mita 63. Ongeza sekunde moja ambayo dereva hutumia kushtuka na kukanyaga breki, na katika sekunde hiyo gari limeshakula mita 22. Jumla ni mita 85. Mtoto aliyechomoka kati ya magari mita 50 mbele hawezi kuokolewa na honi wala maombi ya abiria.

Kumbuka kwamba kilomita 80 ndio mwendo uliowekwa kuwa kikomo cha vidhibiti mwendo vya matatu katika kanuni zilizoanza kutekelezwa mwaka wa 2004, zile ambazo wengi huziita sheria za Michuki. Ni kikomo, si agizo. Kwenye mvua, au karibu na shule, mwendo huohuo halali unaweza kuua.

Mifereji iliyochorwa kwenye tairi haikuwekwa kwa urembo. Kazi yake ni kuyatoa maji ili mpira uguse lami. Tairi kipara likikutana na dimbwi kwa kasi huweza kuelea juu ya maji, na hapo usukani unakuwa pambo tu. Uingereza, kwa mfano, sheria inataka mifereji ya tairi za magari madogo isipungue kina cha milimita 1.6. Hatari zaidi ni ile mvua ya kwanza baada ya kiangazi, inapochanganya vumbi na matone ya mafuta yaliyokaa barabarani kwa miezi, yakawa kama sabuni kwenye lile sinia letu.

Ipo na ile kanuni ya tatu. Gurudumu linalozunguka bado linaikanyaga lami na kuishika. Lililofungwa na breki likaburura limekwisha kuteleza, na msuguano wake ni mdogo zaidi. Ndiyo sababu magari ya kisasa yana mfumo unaolegeza na kukaza breki mara nyingi kwa sekunde, ili gurudumu lisijifunge na dereva aweze bado kukata kona.

Mteremko na lori

Safari za kwenda mashambani Desemba huwapitisha wengi wetu kwenye miteremko ya Bonde la Ufa. Wanaofuata barabara ya Mai Mahiu, ile iliyojengwa na mateka Waitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wameyaona malori yakishuka mbele yao kwa foleni.

Lori la tani 30 linaposhuka mteremko wa kimo cha mita 300, nguvu linalopaswa kuitupa ni sawa na joto la kuchemsha zaidi ya lita 250 za maji ya bombani. Kama dereva anategemea breki peke yake, joto karibu lote hilo huishia kwenye breki. Zikipata moto kupita kiasi, vitambaa vyake hupoteza uwezo wa kushika. Dereva hukanyaga na gari haliitikii. Ndiyo maana dereva mwenye busara huingiza gia ndogo kabla ya mteremko, ili injini yenyewe ilizuie gari na breki zipumzike.

Kunao wanaofanya kinyume. Hutoa gia kabisa na kuliacha lori liporomoke lenyewe, wakidai wanaokoa dizeli. Hata hesabu hiyo si sahihi kwa injini za kisasa, kwa maana gari likishuka likiwa ndani ya gia na mguu umetolewa kwenye mafuta, kompyuta yake hukata mafuta yasiingie. Aliyetoa gia ndiye anayeendelea kuchoma dizeli ili injini isizimike. Amepoteza kizuizi, na hajaokoa kitu.

Mnamo Juni 30, 2023, lori liliacha njia katika makutano ya Londiani, kwenye barabara ya Kericho kwenda Nakuru, likawavamia wachuuzi, abiria na magari yaliyokuwa kando. Zaidi ya watu 50 walifariki. Wengi wao hawakuwa safarini. Walikuwa wamesimama wakiuza au wakingoja. Anayeporomosha tani 30 huwahatarisha pia watu ambao hata hawamjui.

Abiria naye ana pua na ulimi. Ukisikia harufu ya kitu kinachoungua mteremkoni, sema. Ukiona tairi limeng'aa kama upara wa mzee kabla hujapanda, subiri matatu ya pili. Utingo atakupigia kelele kwamba unachelewesha gari, lakini mwenda pole hajikwai.

Tusisahau nyumbani

Si ajali zote zinazongoja barabarani. Sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu na kusuguliwa nta huwapendeza wageni, lakini ikimwagikiwa maji huwa mtego. Bafuni, maji na sabuni hufanya kazi ile ile ya mafuta kwenye bawaba, kutenganisha unyayo na sakafu. Kijana akianguka huinuka akicheka. Nyanya yetu aliyekuja mjini kututembelea akianguka, nyonga inaweza kuvunjika, na huenda asitembee tena kama zamani.

Tiba yake ni rahisi. Weka mkeka wa mpira bafuni na mahali pa kujishikia ukutani. Futa maji yaliyomwagika sasa hivi, si baada ya kipindi cha televisheni. Malapa ambayo soli yake imekwisha kulainika yatupwe, hata kama kamba zake bado ni nzima. Kwa wanaoishi ghorofani, ngazi zinazopigwa deki asubuhi ziachwe zikauke kabla watoto hawajakimbilia shule.

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka, na walikuwa na haki, maana kati ya kuteleza na kuanguka kuna nafasi ndogo ya kujishika. Nafasi hiyo ndiyo msuguano. Basi leo alasiri, kabla ya kufungua daftari za wiki, mtume mtoto mmoja akakague soli za viatu vya nyumba nzima, na mwingine aende na baba kutazama tairi za gari au za baiskeli. Wakirudi, waulize wameona nini. Tukutane Jumapili ijayo.